Nywele kutoka baada ya kujifungua

Dada wa Kondele, pole sana. Unasema mtoto ana miezi 4, nywele ulizozisuka kwa kubana zinatoka kwa mafungu, kichwa kinauma hata ukigusa mto, na wasiwasi umekunyima usingizi. Nywele kutoka miezi michache baada ya kujifungua ni kawaida, na mara nyingi huota tena. Lakini hiyo misuko ya kubana, tafadhali ifumue leo! Ikivuta mizizi kwa muda mrefu, nywele za pembeni huenda zisirudi. Dawa ya kulainisha nywele pia iache kwanza. Usizihesabu kitanani, hata mwenye afya hupoteza 50 hadi 100 kwa siku. Ukiona usaha au viraka vitupu, muone daktari wa ngozi. Na ukimpeleka mtoto kliniki, mwambie nesi kwamba hulali. Hilo lisingoje nywele.