Manowari ni mizinga

Mhariri, swali lenu la juma hili lauliza kama kila chombo cha jeshi la wanamaji ni manowari. Hapana. Sisi wa Lamu tunao wanamaji hapo ng'ambo, kambini Magogoni, na boti zao twapishana nazo mkondoni. Watoto wa forodhani wakiona boti ya kijivu inapita, hupiga kelele, "Manowari! Manowari!" Ami yangu, aliyekulia jahazini, huwakata kauli: "Boti hiyo, wanangu. Manowari ingepita wapi hapo na maji yamekupwa?"

Manowari ni meli kubwa ya kivita, iliyoundwa kwenda bahari kuu na kupigana kwa mizinga yake yenyewe. Boti ya doria ni boti, hata ikifungwa bunduki ya rashasha mbele. Meli ya shehena iliyopakia askari ni meli ya shehena, basi. Wako wanaoiita nyambizi "manowari ya chini ya maji", na sina ugomvi nao.

Mimi hutazama mizinga kwanza. Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Unguja, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Wajerumani hawakuiacha mizinga yake. Waliing'oa yote kumi, wakaitia magurudumu na kuendelea kupigana nayo bara. Mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, pamoja na mzinga wa Pegasus. Anayepita huko auguse, aone unene wa chuma chake. Kilichobaki Rufiji, kwangu mimi, kilikuwa gofu la meli tu.

Kigumu kidogo ni Glasgow, meli ya fahari ya Sultani wa Zanzibar. Ilikuwa na mizinga, lakini kazi yake kubwa ilikuwa matembezi na mapambo ya bandari. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walipoipiga kasri ya Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, Glasgow iliwajibu kwa mizinga, ikazamishwa palepale. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini kwa miaka. Ukinibana, nitasema ilikuwa manowari asubuhi ile moja.

Na manowari ni chombo, si watu. Hili ndilo linaloniudhi zaidi ninaposoma habari za Witu. Oktoba 1890 Admeri Fremantle wa Waingereza alikuja pwani yetu na manowari zake kumwadhibu Fumo Bakari, sultani wa Witu, kwa sababu ya Wajerumani waliouawa kule. Utamsikia mtu akisema manowari ziliichoma Witu. Zingefikaje? Witu iko bara! Walioichoma ni wanamaji na askari walioteremka Kipini, wakakata njia kwa miguu.

Neno lenyewe tulilitwaa kwa Waingereza, waliokuwa wakiita meli yao ya vita man-of-war. Wazee walikwisha kuwa na neno "merikebu ya vita", na hadi leo "meli ya kivita" inatosha kabisa kwa asiyelipenda la kigeni. Ila anayelitumia asidanganywe na hiyo ma- ya mwanzo akaandika "manowari mawili yametia nanga". Ni manowari mbili zimetia nanga, na ikiondoka moja inabaki manowari moja. Nowari hakuna.