Ramu ya viungo kama ya Grenada: majibu ya maswali yenu

Tangu niandike kuhusu safari yangu ya Grenada, kisiwa cha Karibiani kilichoweka kungumanga kwenye bendera yake, wengi mmeniuliza jinsi ya kutengeneza ramu ya viungo nyumbani. Nimechukua maswali yaliyojirudia zaidi.

Dada, hii si sawa na kupika gongo? (Morogoro)

Si sawa kabisa, na naomba hili lieleweke kabla ya mengine yote. Hatupiki pombe. Tunanunua ramu halali dukani na kuiloweka viungo, basi. Pombe ya kienyeji iliyokenekwa kwa siri inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Usiitumie hata kwa majaribio.

Wenyeji wenyewe wanatia nini? (Tanga)

Kila nyumba ina mkono wake: mdalasini, karafuu, tangawizi, basibasi, ganda la chungwa. Wengine hutia na magome ya miti ya dawa. Hayo mimi sikushauri, maana huku huwezi kujua umeuziwa gome gani. Ila kungumanga haikosekani. Mkungumanga ulifika Grenada mwaka 1843, na hadi kimbunga Ivan kilipoangusha mashamba Septemba 2004, nchi ile ndogo ilikuwa ya pili duniani kwa kuuza kungumanga, nyuma ya Indonesia. Mkungumanga hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo wakulima walianza upya kwa subira kubwa. Mjini Gouyave kungumanga hutumbukizwa majini: nzima huzama, iliyooza au yenye tundu huelea. Nawe fanya hivyo na za sokoni, kisha zikaushe. Usinunue ya unga. Harufu yake imeshakwenda.

Ramu yao nayo ina sifa zake. Kiwanda cha River Antoine, cha tangu 1785, bado kinakamua miwa kwa gurudumu linalozungushwa na maji, na makapi ya miwa yanakuwa kuni. Ramu yake hufika asilimia 75 ya kileo. Wanatoa pia ya asilimia 69 kwa ajili ya wasafiri, kwa kuwa ndege hazibebi kinywaji kinachozidi 70.

Nipe vipimo. Na Konyagi inafaa? (Mwanza)

Konyagi ina harufu yake na haitakupa ladha ya miwa. Tafuta ramu ya kawaida ya asilimia 40, nyeupe au ya kahawia, wala isiwe ya bei mbaya. Kwa chupa ya mililita 750: kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu 3, iliki 2 zilizopondwa kidogo, robo ya kungumanga iliyovunjwa vipande, vipande viwili vyembamba vya tangawizi, ganda la nusu chungwa bila ile nyama nyeupe, na nusu ya ganda la vanila lililopasuliwa. Vanila ya Bukoba au Uganda ni nzuri sana. Weka vyote kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, funga, iwe kabatini mbali na jua. Usizidishe kungumanga: ikiliwa nyingi inaleta kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kuweweseka.

Yangu imekuwa chungu na inafanya ulimi ufe ganzi. Kwa nini? (Nairobi)

Karafuu hizo, kaka. Umeziacha humo wiki nzima. Karafuu na mdalasini hutoa nguvu haraka, kwa hiyo onja kila siku na uzitoe baada ya siku moja au mbili. Ganda la chungwa litoke siku ya tatu. Vanila ndiyo ibaki hadi wiki mbili, yenyewe haina pupa. Hiyo uliyonayo usiimwage: ichuje kwa kitambaa safi, kisha uichanganye na chupa nyingine ya ramu tupu.

Sukari kiasi gani? (Arusha)

Vijiko viwili vya sukari guru iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo ya moto, ikishapoa, baada ya kuchuja. Onja kabla ya kuongeza.

Inanyweka vipi? (Mombasa)

Karibiani wana kanuni ya ponchi: sehemu 1 ya ndimu, 2 za shira, 3 za ramu, 4 za maji au juisi. Juu yake kungumanga ikwanguliwe papo hapo.

Sisi nyumbani hatutumii pombe. Tumesahauliwa? (Unguja)

Hamjasahauliwa, shangazi. Krismasi ya Karibiani haipiti bila kinywaji chekundu cha choya, na wengi hukinywa bila ramu. Chemsha choya kavu na tangawizi, mdalasini na karafuu mbili tatu, funika ilale usiku kucha, chuja, tia sukari. Inywewe baridi, na iishe ndani ya siku nne hivi ikiwa kwenye friji.