Fomu za saini zisigeuke orodha ya mahudhurio

SWALI: Wakazi wa kata yetu hapa Rungwe tunaiomba halmashauri itujengee kivuko cha waenda kwa miguu mtoni. Mwaka jana tulipeleka saini, tukaambiwa ni orodha ya mahudhurio ya mkutano. Safari hii tuandaeje fomu, na tuzilindeje?

JIBU: Ndugu, bila shaka ombi lenu liliandikwa ukurasa wa kwanza tu. Zinazofuata zikawa karatasi za majina matupu, na majina matupu mtu aweza kuyaambatisha na ombi lolote. Andikeni ombi lile lile, neno kwa neno, juu ya kila karatasi. Sentensi mbili zinatosha: mnaomba nini, mnamwomba nani.

Tumieni A4 iliyolazwa, upande mmoja, mistari 10 yenye kimo cha sentimita 1. Ikiwa myembamba zaidi, saini zinapandana. Safu ziwe namba, jina kamili kwa herufi kubwa, kitongoji, saini au dole gumba, na tarehe. Namba ya NIDA na ya simu ziacheni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitaki mkusanye msichokihitaji, na wengi wakiona safu hizo hurudisha kalamu.

Penye hatari kubwa ni kusainiana. Mume asimsainie mke eti yuko shambani anachuma chai. Mfuateni huko huko. Saini tatu za mwandiko mmoja zinatia doa karatasi nzima, pamoja na saba za kweli. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na aliyemwandikia jina aandike la kwake pembeni kama shahidi. Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, bila wino mweupe.

Kabla ya kuzigawa, zipeni fomu namba, tuseme 001 hadi 040. Daftarini andikeni nani kachukua ipi, lini kairudisha, ina saini ngapi. Iliyopotea iandikwe imepotea, namba yake isichapishwe tena. Mistari iliyobaki wazi ipigwe mshazari siku fomu inaporudi, majina yasije yakaongezwa baadaye.

Kwa mvua za huko, kila mkusanyaji abebe fomu ndani ya mfuko wa plastiki. Kalamu za jeli ziepukeni, nyingi wino wake huchuruzika karatasi ikilowa.

Pigeni nakala ya kila fomu kabla ya kuzipeleka masjala. Barua itaje idadi ya fomu na ya saini, na msiondoke dirishani kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.