Kumwombea mama posho Uingereza ukiwa na hati ya uwakili

Pole sana kwa kuuguza, dada. Umesema mama ana ugonjwa wa kusahau, unaishi naye Leicester na hati ya uwakili (power of attorney, ya kumwamulia mambo yake) unayo. Unauliza kama unaweza kumwombea Attendance Allowance, posho ya serikali kwa wazee wanaohitaji kuangaliwa kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu. Unaweza, ila itazame hati yenyewe. Iwe ile ya mali na fedha, na iwe imesajiliwa na Office of the Public Guardian, ofisi ya serikali inayosajili hati hizi. Ile ya afya haigusi pesa. Ukiwa na ile ya fedha, ipeleke DWP, wizara inayolipa posho; huna haja ya kuomba wakuteue msimamizi wa posho zake, huo ni utaratibu wa wasio na hati.

Kabla ya yote, angalia viza ya mama. Kama inamzuia kupokea fedha za umma, usijaze chochote mpaka umwone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Ombi linaweza kumharibia ukaazi.

Fomu iombe kwa simu: ukiirudisha ndani ya wiki 6, malipo huhesabiwa tangu siku uliyopiga. Na hapo kwenye fomu ndipo tunapojiponza, kwa aibu tunaandika "anajitahidi". Hapana, dada! Andika usiku anaamka mara ngapi, nani anamvalisha, jiko aliloliacha likiwaka. Mashirika ya hisani ya Citizens Advice na Age UK hukusaidia kujaza bure.

Pesa ziingie akaunti yake, zisichanganywe na zako, na utunze risiti. Akilazwa hospitali, wajulishe DWP. Baada ya siku 28 malipo husimama.