Maswali ya wakufunzi: maarifa ya wenyeji katika mafunzo ya ualimu

Nikiwaambia wanachuo watumie maarifa ya wenyeji, wananiletea ngoma na vibuyu vya kutundika ukutani. Nianzie wapi? (Mkufunzi, Tanga)

Anza na maarifa yanayotabiri jambo, maana hayo yanapimika. Huko pwani unayo bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana) na maji mafu (siku ambazo hujaa na kupwa kidogo). Kabla ya kugusa andalio la somo, mwanachuo amwulize mvuvi bamvua lijalo ni lini, na anajuaje. Kisha kwa siku 30 aandike saa ambayo maji yamejaa mchana, umbo la mwezi, na umbali kutoka mnazi mmoja, uleule, hadi ukingo wa maji. Ataona maji yanapanda zaidi siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na saa ya kujaa inachelewa kwa dakika 50 hivi kila siku.

Wengi huharibu kwa kupima wiki moja tu: wanaona maji yakipungua nguvu, wanadhani ndiyo kanuni. Wengine husoma kitabu kwanza, halafu wanamfuata mvuvi athibitishe. Hapo mvuvi si mjuzi tena, ni shahidi wa kitabu.

Watoto walipima dawati kwa shibiri (kiganja kilichotanuliwa, ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho), kila mmoja akapata jibu lake. Mwanachuo akaahirisha kipindi. (Bagamoyo)

Aliahirisha pale somo lilipoanza! Kila mtoto akate kamba ya dhiraa yake, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, aipime kwa shibiri yake mwenyewe. Zitakaribia mbili. Dhiraa nne zitakaribia pima moja (mikono miwili ikinyooshwa, ncha hadi ncha), kwa mtoto na kwa mtu mzima vilevile. Uwiano unabaki, urefu ndio unaobadilika; sasa swali la kwa nini sokoni hutumika mita lina maana. Angalia mtoto asipime kamba ya mwenzake.

Je, haya yamo kwenye muhtasari wa masomo?

Vipimo, nyakati na mmomonyoko wa udongo vimo. Umahiri ni uleule, mfano ndio mpya.

Mganga wa tiba asili tuliyemwalika alizungumza kipindi kizima, watoto wakasinzia.

Mwanachuo amtembelee kwanza, wakubaliane yapi ya kusemwa mbele ya watoto na yapi yabaki kwake. Darasani, dakika 10 za maelezo zinatosha. Zinazobaki ni za maswali ambayo watoto wameyaandaa jana yake. Watoto wasionje mmea wowote. Nauli ya mganga iwekwe kwenye bajeti, si kuchangishwa mlangoni.

Mwanachuo wa Mwanza amepangiwa mafunzo kwa vitendo Mbinga. Afundisheje ngoro, yaani mashimo yenye matuta ya kulimia mteremkoni, asizozijua?

Asijifanye anazijua. Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, hufyeka majani, huyapanga kwenye mteremko kwa mistari inayokatana kuwa miraba, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika. Majani huoza ndani ya matuta, na mvua hutuama shimoni badala ya kuteremka na udongo.

Darasani atumie masanduku mawili ya udongo uleule, moja lenye vingoro, jingine tambarare. Yainuliwe upande mmoja kwa matofali sawa, kila moja limwagiwe lita 1 kwa kopo lenye matundu, na maji yanayochuruzika yakingwe na kupimwa. Mteremko ukitofautiana, au sanduku moja likiwa limelowa tangu asubuhi, matokeo hayana maana. Mzazi anayelima ngoro awepo siku hiyo: atayasahihisha matuta kabla maji hayajamwagwa.