Maswali ya Wasomaji: Msafara Umeganda Ukutani

SWALI: Nachora kwenye ukuta wa nje wa shule msafara wa pembe za ndovu ukipita Ugogo. Bado ni mkaa tu. Wapagazi wameinua miguu, lakini wanaonekana wamesimama. Nasikia Surikov, yule Mrusi, alipambana na tatizo hili. Alifanyaje? – Mwalimu, Chamwino

JIBU: Mwalimu, miguu haina kosa. Kosa liko chini yake. Vasily Surikov alikwama hapohapo kwenye “Boyarynya Morozova”, picha aliyoimaliza 1887. Mwanamke wa kikabaila, amefungwa minyororo, anapelekwa kifungoni juu ya sleji, gari la kuteleza kwenye theluji, huku ameinua vidole viwili, ishara ya msalaba ya wafuasi wa ibada ya kale. Sleji ikawa haiendi. Akaongeza kitambaa upande wa chini, akaongeza tena, hadi picha ikafika sentimita 304 kwa 587.5. Ukipunguza nafasi ile, alieleza mwenyewe, sleji inasimama.

Tazama kona ya chini: theluji imechimbwa na mikondo ya sleji, na kijana anakimbia kandokando. Jicho linaingilia hapo, linakimbia naye.

Wewe huwezi kushuka, maana mvua za Dodoma hurusha tope jekundu kwenye nusu mita ya chini na rangi hubanduka. Basi wapandishe wapagazi. Kwanza wachore kwenye magazeti, uyakate, uyabandike juu zaidi, urudi nyuma hatua kumi na tano utazame. Nyayo zianzie ukingoni zikiwa kubwa, zipungue kadiri zinavyowakaribia. Zikilingana, njia itasimama kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Kila unyayo uwe na kivuli upande mmoja tu, ule ulio karibu na jua.

Na mtoe mtu nje, akanyage mchanga. Kwa yule fukara mtakatifu anayeonekana peku kwenye theluji, Surikov alimkalisha muuza matango kwenye theluji halisi, akamsugua miguu kwa vodka. Kwenu mchanga wa saa saba mchana unatosha kuchoma, msimkawize.

SWALI: Surikov alitoka Siberia. Nani alimsomesha? – Msomaji, Kondoa

JIBU: Pyotr Kuznetsov, tajiri wa migodi ya dhahabu wa Krasnoyarsk, mji alikozaliwa Surikov 1848. Aliingia Chuo cha Sanaa cha St Petersburg 1869, akamaliza 1875. Kazi iliyompa jina, “Asubuhi ya Kunyongwa kwa Streltsy” (askari wa bunduki wa mfalme wa Urusi), ilionyeshwa 1881.