Shangazi, furaha ya mkesha haifiki Jumatatu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Newala, Mwanglikana wa kuzaliwa. Nina watoto watatu wa kuzaa, na nalea wawili wa marehemu dada yangu aliyefariki mwaka juzi. Msimu huu mikorosho yetu imepigwa na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu. Kilo tulizopeleka chama cha msingi hazifiki nusu ya za mwaka jana. Mume wangu amekuwa mkimya. Akirudi shamba anakula, analala. Madeni yapo, michango ya shule ipo, pesa ya palizi sijui itatoka wapi.

Tangu mwaka jana nahudhuria mikesha ya Ijumaa kwenye huduma moja ya maombi hapa mjini. Kule naimba, nalia, nacheka, natoka mwepesi. Ikifika Jumapili jioni nimesharudi palepale. Saa nane usiku naamka, nasali mpaka alfajiri huku machozi yananitoka. Mama mkwe tunaishi naye, yeye ni Mwislamu. Juzi aliniuliza, "Mwanangu, mbona ukimaliza kusali macho yanakuwa mekundu? Nani kakuudhi?" Nilikosa jibu, nikaona aibu.

Mtumishi anasema huzuni ni roho chafu, mwenye imani hahuzuniki. Ameniambia nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, ya laki mbili kutoka kwenye pesa ya korosho ili kifungo kikatike. Mume wangu hajui. Je, imani yangu ni ndogo? Nitoe? Na furaha ya kudumu inapatikanaje?

Mama Watano, Newala

Marahaba, mwanangu. Tumsifu Yesu Kristo.

Nianze na pesa, maana hiyo ndiyo haingoji. Usitoe. Pesa ya korosho mmeihangaikia wawili, tangu kupalilia mpaka kuokota, na wewe umeniandikia mwenyewe kwamba mwenzako hajui. Sadaka inayofichwa mume, tena nyumba ikiwa na madeni, sioni Mungu anaipokeaje. Halafu soma Matendo ya Mitume sura ya 8. Simoni mchawi aliwaletea mitume fedha ili wampe uwezo wa Roho Mtakatifu, na Petro akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Huyo mtu alikuwa anataka kununua kitu cha Mungu. Kwako wewe ni muuzaji ndiye aliyekuja. Ukitaka kutoa shukrani, toeni Jumapili kanisani kwenu, mumeo akijua, kiasi ambacho hakimwachi mtoto bila daftari.

Sasa tuzungumze. Barua yako nimeisoma mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Korosho umezieleza vizuri, madeni umeyaeleza, mikesha, mtumishi, mama mkwe. Dada yako umempa nusu ya sentensi. "Marehemu dada yangu aliyefariki mwaka juzi," basi, ukapita. Hukusema alikuwa mkubwa kwako au mdogo, hukusema aliugua au aliondoka ghafla. Na watoto wake wawili wanalala chini ya paa lako, na bila shaka mmoja ana macho yake au kicheko chake.

Nawajua wanawake wa kwetu. Msiba ukitokea wewe ndiye uliyeshika masufuria, uliyepokea wageni kutoka Tandahimba na Masasi, uliyekumbuka chumvi imekwisha. Watu wakatawanyika, arobaini ikapita, na watoto walikuwa wanataka uji asubuhi. Ulilia saa ngapi? Nadhani unalia sasa, saa nane usiku, na kwa sababu umefundishwa kwamba mwenye imani hahuzuniki, kila chozi unalihesabu kama dhambi nyingine juu ya mzigo uleule.

Hilo fundisho lina kasoro kubwa, nami sitalipamba. Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro, na alijua kabisa kwamba dakika chache mbele angemfufua. Paulo, katika waraka kwa Wafilipi, anawaambia watu wafurahi siku zote, tena anaandika akiwa kifungoni. Wahubiri wanaupenda sana waraka ule. Lakini sura ya pili ya waraka huohuo anamtaja Epafrodito, ndugu aliyeugua akakaribia kufa, na anasema Mungu alimhurumia asije akapata "huzuni juu ya huzuni". Mtu yuleyule, kalamu ileile. Alikuwa na furaha, na huzuni pia alikuwa nayo, wala hakuona haya kuiandika.

Hata imani yetu sisi wa Kusini haikuanzia kwa watu wenye raha. Mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ya Kianglikana alipotia nanga Lindi na kupanda bara mpaka Masasi, alifuatana na watu waliokombolewa utumwani, watu ambao walikuwa wamewahi kupangiwa bei. Wakajenga, wakalima. Mwaka 1882 Wangoni wakawavamia, misheni ikachomwa, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Baadhi ya kazi ya misheni ilihamia hukohuko kwenu Newala baada ya balaa lile. Hao ndio babu na bibi zetu katika Kanisa. Ningependa kumwona mtu anayesimama mbele yao na kipaza sauti kuwaambia huzuni ni roho chafu.

Kwa hiyo swali lako la imani ndogo nimelijibu. Mtu anayeamka saa nane usiku kuzungumza na Mungu, mwaka mzima, bila kupata alichokiomba, imani anayo. Ninachokitilia shaka ni unachokitafuta unapopiga magoti. Kwa jinsi ulivyoandika, unasali ili ujisikie vizuri, halafu unajipima: leo nimekuwa mwepesi, leo sikuwa. Ule wepesi wa mkesha sisemi ni wa uongo. Kuimba pamoja na watu usiku kucha kunatuliza mwili, na Mungu anaweza kupita humo. Ila akina mama wa Newala wa zamani, kabla mabomba hayajafika juu ya uwanda, walikuwa wanateremka mabondeni kuteka maji na kupanda tena na mtungi kichwani, na sikusikia hata mmoja aliyeteka Ijumaa akategemea maji yafike Ijumaa nyingine. Katika Baba Yetu tunaomba mkate wa leo.

Msome Hana, katika 1 Samweli sura ya kwanza. Mke wa Elkana, hana mtoto, na Penina mke mwenza anamchokoza mpaka hali chakula. Akaenda hekaluni akaomba kwa uchungu, midomo inacheza, sauti haitoki, kuhani Eli akadhani amelewa. (Makuhani nao.) Hana akamjibu kwamba hakulewa, alikuwa anaimimina roho yake mbele za Bwana. Eli akambariki. Kisha Biblia inasema akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena.

Angalia ni wakati gani uso ulikunjuka. Samweli hajatungwa. Penina yuko palepale, na ulimi wake. Hakuna kilichobadilika nyumbani kwa Elkana ila kwamba Hana alisema yote, bila kupamba, mbele ya Yule aliyeweza kuyabeba, akayaacha pale, akaenda kula. Furaha unayoiulizia wewe ndiyo hiyo. Inaanzia kwenye kuachilia, na haingojei jibu lifike.

Palikuwa na bibi mmoja jirani yetu Masasi, alikuwa anabangua korosho kwa mkono uani. Anazikaanga kwenye bati lenye matundu, moshi wake unawasha macho, zikipoa anajipaka majivu viganjani ili mafuta ya maganda yasimuunguze, anashika kijiti, ko, ko, ko. Na huku anasali. Sala yake ilikuwa kama ugomvi wa watu waliozoeana: "Bwana, habari ya goti nilikuambia jana, leo limezidi. Na yule kijana wangu aliyeko Dar, hajapiga simu, wewe unamwona, mimi simwoni, haya." Akisema "haya" ndiyo amemaliza. Anahamia kwa mjukuu, anahamia kwa mvua. Alikuwa amezika mume na amezika watoto, na sijamjua mtu aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko yeye. Sisi watoto tulidhani bibi ana wazimu kidogo.

Sala zako za kutoka saa nane mpaka alfajiri zipunguze. Najua litakushangaza, kuambiwa usali kidogo. Lakini mtu anayerudia jambo moja kwa saa nne anakuwa ameshikilia jambo, hajalikabidhi. Ukiamka, kaa kitandani. Taja jambo moja kwa jina lake, lile linaloungua zaidi usiku huo. Kama ni hasira kwamba dada amekuachia watoto, sema hasira. Kama unamlaumu Mungu, mlaumu uso kwa uso. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na Kanisa halijaitoa kwenye Biblia. Ukishasema, mwambie ni lake. Kisha mshukuru kwa kitu kimoja ulichokiona kwa macho siku hiyo, maana Paulo anapowaambia Wafilipi wapeleke haja zao kwa Mungu anaongeza "pamoja na kushukuru". Kisiwe kitu kikubwa. Mtoto wa dada amekula akamaliza sahani, inatosha. Halafu lala. Usingizi usipokuja, lala hivyohivyo umenyamaza, naye yupo.

Kumtumaini Mungu hakukuzuii kwenda shuleni kumwona mwalimu na kumwambia mchango utaletwa kwa awamu. Hiyo ni sehemu yako, ifanye mchana. Bei ya mnada ujao si sehemu yako, wala mvua. Mtu akichanganya hizo mbili anachoka kuwili: analala kwenye kazi yake na anakesha kwenye kazi ya Mungu.

Na mumeo. Unasema anakula, analala. Mwanaume aliyeona nusu ya korosho zake zikiharibika mbele ya macho yake naye ana msiba wake, ila kwake hakuna mkesha wa kwenda kulia. Mtafute siku ametulia, shambani ni pazuri zaidi kuliko chumbani, mwambie habari ya laki mbili kabla hajaisikia kwa watu. Atakasirika, mwache akasirike kidogo. Kisha kaeni na karatasi muandike madeni yote, lipi la kwanza, lipi linaweza kungoja msimu. Mkimaliza, salini pamoja hata Baba Yetu moja.

Mama mkwe wako ndiye aliyenigusa kuliko wote katika barua hii. Umeona aibu, ukadhani anaidharau dini yako. Mimi nimesikia mama anayeuliza mwanangu ana nini. Wewe ni Mkristo, yeye Mwislamu, na nyumba za namna hiyo huku kwetu zimejaa; tunapikiana Idi, tunapikiana Krismasi. Yeye anaamka alfajiri kuswali, wewe uko macho tangu saa nane, ninyi wawili ndio mnaojua usiku wa nyumba ile ulivyo. Mjibu. Mwambie, "Mama, nakumbuka dada yangu." Usiongeze kitu. Umri ule hajafika bila kuzika, na huenda akakushika mkono kuliko mkutano mzima.

Jambo jingine nalisema kwa uzito uleule. Kukosa usingizi mwaka mzima kunaweza kuwa dalili ya ugonjwa, unaitwa sonona, na unatibika. Kama hamu ya kula imekwisha, kama mwili mzito hata kuamka ni kazi, nenda hospitali ya wilaya hapo Newala umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Hospitali za Mkomaindo kule Masasi, Ndanda, na Ligula kule Mtwara nazo zipo. Na likikujia wazo la kwamba bora usiwepo, usingoje kesho, mwambie mumeo au mama mkwe uende siku hiyohiyo. Dawa haimwondoi Mungu chumbani. Kule Ndanda wamonaki Wabenediktini wamekaa na hospitali na sala katika uwanja mmoja kwa miaka mingi, wala havijagombana.

Mikesha kama unaipenda, nenda ukaimbe, sikukatazi, ila habari ya mbegu ikirudi ondoka. Na rudi kwa padri wako. Mwombe misa ya kumwombea dada yako, amtaje kwa jina lake kamili madhabahuni, watoto wake wawili wakae mbele pamoja nawe. Ukilia kanisani, lia. Hao wengine watano au sita watakaolia nawe, kila mmoja ana wake anayemlilia.

Ukishazungumza na mumeo niandikie tena. Na safari hii nieleze habari za dada yako: alikuwa anaitwa nani nyumbani, na alikuwa anapenda kupika nini.

Shangazi